Kisu cha nkambo: kinolewe na nini?

Hapa Tenke kuna nyumba ambamo kisu cha nkambo kingali kinatunzwa. Baba akifa, kinabaki kwa mutoto, naye anajiuliza: nikinoe, ao nikiweke? Linaonekana swali la jikoni tu, lakini sisi tunaona ni swali la haki.

Wengine wanakifunga katika kitambaa. Wanasemaka: "Ni kitu ya bankambo, usikiguse." Kisu kinashika kutu. Siku ya ndoa kinatolewa, hakikati nyama ya mbuzi. Mwenye kukishika anakandamiza kwa nguvu, kinateleza, kinamukata yeye. Wengine, kwa haraka, wanakipeleka kwenye mashine ya kunolea. Cheche zinaruka, na kile kinachoruka ni chuma chenyewe. Joto nalo linalegeza makali. Mwaka kwa mwaka kisu kinakonda, mpaka kinabaki sawa sindano.

Kuna njia ya katikati: kikiwa butu sana, jiwe kidogo, kiisha mukaba wa ngozi uliopakwa dawa. Kisu kinavutwa mgongo ukitangulia, ili kisichane ngozi. Hapo njo kuna kuchagua. Dawa nyeupe, mara nyingi ni oksidi ya alumini, inakula chuma upesi. Ile ya rangi ya majani, oksidi ya kromu, kwa kawaida ni laini zaidi, inaondoa kidogo. Nyekundu ni oksidi ya chuma, inangarisha kuliko kula. Unga wa almasi, kama zile za viwanda zinazotoka Mbuji-Mayi, unashinda zote kwa ugumu.

Mtu wa hapa anaweza kudhani ile ya rangi ya majani inatoka katika malakiti yetu. Hapana. Malakiti ni laini kuliko chuma cha kisu. Wazee Wasanga waliiyeyusha kwa makaa wakapata shaba, lakini kunoa haiwezi. Rangi moja haileti kazi moja.

Basi tuchague ipi? Tusiulize tu ipi inanoa upesi. Tuulize ipi inaondoa kidogo na kisu bado kinakata. Maana kila kunoa ni kula kisu. Anayenoa bila kipimo anakula sehemu ya mjukuu wake. Lakini asiyenoa anamunyima pia, anamuachia kutu.

Wahenga walisema: mwenye kisu kikali ndiye atakula nyama. Ni kweli kwa leo. Lakini kesho atakula nani, kama kisu kimekwisha?

Mila nazo ziko vile. Tuangalie mahari. Wengine hawataki iguswe, hata ikiwa imekuwa bei na kijana anashindwa kuoa. Hiyo ni kutu. Wengine wanataka kuifuta yote, jamaa mbili zisikutane hata siku moja. Hiyo ni mashine ya cheche. Sisi tunaomba wazazi wakae chini na watoto wao, waondoe kile kinachozuia kukata, waache chuma.

Kazi hiyo ni ya polepole, na haiishi siku moja. Mukaba unavutwa leo, na kesho tena. Lakini atakayerithi atashika kisu, hatashika mpini mtupu.