Je, Imani Yetu Juu ya Mungu Yapatana na Khofu Zetu?



Huko Kizimkazi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, umo msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijriya, yaani 1107 Miladia. Basi ni zaidi ya miaka 900 watu wa kisiwa hiki wamekuwa wakimsujudia Mungu Mmoja. Walakini yatupasa tujiulize: Je, yale tunayoyakiri msikitini yapatana na yale tunayoyaogopa usiku majumbani mwetu?

Kurani Tukufu haikumtaka mtu aamini kwa kufumba macho. Katika Sura An-Nisaa, kutokuwamo hitilafu ndani ya Kitabu hicho kumefanywa kuwa dalili ya ukweli wake. Na katika Sura Al-Anbiyaa twafundishwa ya kwamba lau wangalikuwako miungu wengine, mbingu na ardhi zingaliharibika. Hizi ni hoja za kiakili. Maana yake ni kwamba ukweli haujipingi wenyewe. Na mtu akishika mambo mawili yanayopingana, hapana budi moja kati yake ni uwongo.

Na tutwae mfano mmoja. Katika mwaka 1995 khofu ya popobawa ilianza Pemba, ikaenea Unguja na mpaka Dar es Salaam. Ilisemwa ya kwamba ni pepo anayeruka, anayejigeuza na kutoweka, naye huwaingilia watu vitandani mwao. Watu wengi waliyahama majumba yao usiku, wakalala nje makundi kwa makundi, wakiwasha moto. Wengine walitafuta hirizi.

Watu hao walikuwa wakikiri ya kwamba hakuna mwenye uwezo ila Mwenyezi Mungu. Sasa na tuipime imani hiyo. Ikiwa popobawa hutenda apendavyo bila ya idhini ya Mungu, basi yako mamlaka ya pili ulimwenguni, na kukiri kwetu Umoja wa Mungu kumebatilika. Ikiwa hatendi ila kwa idhini Yake, je, ni kitu gani hicho kilichoshonwa katika ngozi kinachoweza kuizuia idhini ya Mungu? Katika hali zote mbili tumempa asiyekuwa Mungu kilicho haki ya Mungu.

Pengine mtu atasema: "Mbona wewe unafunga mlango wako na kulala ndani ya chandarua? Je, huko si kumtegemea asiyekuwa Mungu?" La hasha! Chandarua ni sababu miongoni mwa sababu alizoziumba Mungu, na kazi yake yaonekana wazi: humzuia mbu, na mbu ndiye anayeleta malaria. Humkinga Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu sawasawa, na kikitoboka twaona kwa nini hakifai. Lakini hirizi dalili yake ni ipi? Mwenye kuivaa akisalimika, husemwa imefanya kazi. Akidhurika, husemwa masharti hayakutimizwa. Dai lisiloweza kushindwa kwa lolote litokealo halina dalili hata moja.

Mwingine atasema: "Kurani imetaja majini na Shetani." Ni kweli. Lakini kutajwa ni jambo moja, na kupewa utawala ni jambo jingine. Katika Sura Ibrahim twaelezwa ya kwamba Shetani mwenyewe atakiri Siku ya Kiyama kuwa hakuwa na mamlaka juu ya watu, isipokuwa aliwaita nao wakamwitikia.

Wala hatuwaiti waongo wale waliosema walikandamizwa usiku. Wazee wetu waliijua hali hiyo, wakaiita jinamizi. Wataalamu wameeleza ya kwamba mara nyingine akili ya mtu huamka hali viungo vyake vingali vimelegea kwa usingizi; hapo huhisi uzito kifuani, hushindwa kupiga kelele, na hukiona kile akiogopacho. Maumivu yake ni ya kweli. Tafsiri aliyoipata kwa jirani ndiyo yenye kosa.

Huenda mtu akadhani ya kuwa haya ni mabishano ya wanavyuoni tu. Sivyo, ndugu zangu. Katika mwaka huo huo wa 1995, mjini Zanzibar, mtu mmoja asiyekuwa na akili timamu aliuawa na umati wa watu waliomdhania kuwa ndiye popobawa. Tazameni jinsi imani yao ilivyojipinga! Walisema ni pepo awezaye kuruka na kutoweka. Kisha wakamkamata, naye hakuruka wala hakutoweka. Kule kukamatika kwake tu kulitosha kuwajulisha ya kwamba ni mwanadamu, mgonjwa, aliyestahili kuhurumiwa. Lau mmoja wao angalisimama akafikiri kwa dakika moja, roho ya kiumbe wa Mungu ingalisalimika.

Basi kila mmoja wetu na aanze kwa nafsi yake, wala asianze kwa jirani. Leo baada ya sala ya Isha, aorodheshe anayoyaamini juu ya Mungu: Umoja Wake, uwezo Wake, uadilifu Wake na rehema Zake. Kando yake aorodheshe anavyoviogopa na anavyovitegemea. Pale orodha mbili zinapopingana, asimpunguzie Mungu sifa Zake. Bali aiache ile khofu.

Mwenyezi Mungu atujaalie imani isiyopingana na akili, na akili isiyokosa huruma. Amin.