Simu Ikizima, Nani Anajua Njia?

Kwetu Ndalu, kati ya Kitale na Bungoma, ukipotea unauliza. Mama anayepalilia mahindi atanyoosha mkono: pita mashine ya kusaga, pinda kushoto. Kuuliza si ujinga. Sasa, ziwani utamuuliza nani?

Swali hili lilinipata kati ya Mbita na Mfangano, jioni, mvua imefunika visiwa vyote. Nahodha wetu, kijana wa rika langu, alikuwa ameifunga simu ndani ya nailoni, anafuata kile kidoti cha bluu. Nikamuuliza, "Na ikizima?"

Akacheka. "Si iko yako, boss?"

Yangu ilikuwa na chaji asilimia 9.

Tusiidharau simu. Haihitaji bando kujua ulipo. Inasikiliza setilaiti zilizo juu yetu kilomita 20,000 na ushei. Ramani tu ndiyo uipakue mapema. Na mabaharia wa Bahari ya Hindi pia walikuwa na vyombo: kibao chenye uzi wa mafundo, cha kupimia nyota imepanda kiasi gani. Lakini kibao kilimtaka mtu aijue nyota. Simu hainidai kujua chochote. Tena njia ya kuazima ina mwenyewe: hadi Mei 2000, Marekani ilikuwa ikipunguza makusudi usahihi wa GPS kwa raia.

Je, kutojua ni kosa? Nikiwa peke yangu, ni ujinga wangu, na maji yatanifunza. Lakini mle botini kulikuwa na mama na mtoto mgongoni, kreti za soda, na sisi wengine. Tulimkabidhi roho zetu bila kumhoji. Hapo kutojua kunageuka deni. Anayebeba watu anadaiwa njia ya pili: dira ndogo, macho yanayoujua mlima wa Mfangano kwa kila upande, au ujasiri wa kusema, "Leo hatutoki."

Utasema dira ni pesa, na nauli yenyewe ni kidogo. Kweli. Ila hilo neno la mwisho halinunuliwi dukani.

Tulifika salama. Kufika hakukujibu swali. Nikimlipa nilitaka kumgombeza, ulimi ukawa mzito. Kule Mbita, alipokuwa akiliangalia wingu na kusitasita, ni mimi niliyesema, "Twende bana, bado kuna mwanga."