Nyumba Isiyo na Mwenyeji

Mgeni njoo mwenyeji apone, walinena wahenga. Ndani ya methali hiyo mna watu wawili: mmoja anapiga hodi, mwengine anaitikia karibu. Basi pale ambapo mgeni yupo na mwenyeji hayupo, ni nani anayepona?

Swali hilo lina mahali pake. Crovie ni kijiji kidogo cha mwambao wa kaskazini-mashariki ya Uskoti, kilichobanwa baina ya jabali na bahari. Nyumba zake zimejipanga safu moja, nyingi zikiipa bahari ubavu badala ya uso, ili wimbi likija lisikute mlango. Mbele yake pana njia nyembamba isiyopitika kwa gari. Mwenye mzigo huusukuma kwa toroli. Waliokianzisha, katika karne ya 18, walikuwa watu walioondoshwa kwenye mashamba ya bara ili wenye ardhi wafuge kondoo. Wakateremka pwani, wakawa wavuvi. Kisha tarehe 31 Januari 1953 dhoruba kuu ikaipiga pwani hiyo, ikabomoa baadhi ya nyumba, na wakaazi wengi wakahama. Leo nyingi ya nyumba zilizosalia ni za mapumziko.

Nyumba za aina hii hupangishwa kwa wiki. Ufunguo humo katika kisanduku cha namba ukutani. Jikoni mna sufuria na sahani, na mgeni hujipikia mwenyewe. Mbwa naye amealikwa: ana bakuli lake la maji, na taulo la kumpangusa mchanga. Mezani pana daftari la wageni. Kila kitu kipo, ila mtu wa kusema karibu.

Ni wepesi kumlaumu mgeni huyo, na si haki. Hapo Crovie wenyeji hawakufukuzwa na yeye. Waliwafukuza kondoo kwanza, bahari baadaye. Nyumba isiyowashwa moto huoza, na lau si fedha za wapangaji, huenda mapaa hayo yangekwisha anguka. Mgeni ameiponya nyumba. Lakini viko vijiji vyengine vya Uskoti ambako kijana aliyezaliwa hapo anatafuta nyumba ya kuishi, asiiweze bei inayopandishwa na anayekuja wiki mbili kwa mwaka.

Sheria imejaribu kupima. Tangu mwaka 2022 utaratibu wa leseni umewekwa kwa wenye kupangisha kwa muda mfupi. Na nyumba ya wageni, ili ihesabiwe kuwa biashara, sharti iwe tayari kupangishwa siku 140 kwa mwaka, na ipangishwe kweli siku 70. Mwezi wa Aprili 2024 halmashauri ziliruhusiwa kuiongezea nyumba ya pili kodi hadi maradufu. Sheria basi inajua kuhesabu siku za kulala. Haijui kuhesabu madirisha yenye taa usiku wa Januari.

Na mbwa je? Msomaji wa pwani, aliyelelewa kujua kuwa mahali pa mbwa ni nje ya kizingiti, atashangaa kumuona amejilaza mbele ya moto. Lakini msomaji huyo huyo ameisikia hadithi ya aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Tena mbwa ana faida moja hapa: alfajiri humtoa bwana wake ndani. Kwenye njia ile nyembamba hakuna wawili watakaopishana bila ya kusalimiana, na mara nyingi jina la mbwa huulizwa kabla ya jina la bwana. Juu mlimani, hata hivyo, hana budi kufungwa kamba, kwani kwa sheria ya mwaka 2021 anayeachia mbwa wake ashambulie mifugo aweza kutozwa faini hadi pauni 40,000, au kufungwa. Kondoo amehifadhiwa, mbwa amekaribishwa, mgeni amepewa ufunguo. Anayesubiri mwisho wa safu ni mtoto wa kijiji.

Hapo ndipo wajibu unapoanza. Wahenga walisema pia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Asipokuwepo wa kumpa, mgeni alichukue mwenyewe: asalimie, anunue duka la jirani badala ya kubeba vyote kutoka mjini, amchunge mbwa wake, amwachie ajaye kuni kavu. Na mwenye nyumba, kila leseni inapofika wakati wa kufanywa upya, ajiulize kama hapana familia inayotaka kuishi humo mwaka mzima, na kama kodi iliyo haki haitamtosha.

Kwani nyumba yaweza kupona kwa mgeni. Kijiji hakiponi ila kwa mwenyeji.