"Nitwike, Mwanangu"

Ndugu msomaji, kama umewahi kuutoa mkungu wa ndizi shambani ukaufikisha barabarani, basi unaijua siri hii: kazi si kuubeba. Kazi ni kuufikisha kichwani. Ukishakaa juu ya kata, shingo itajua la kufanya na miguu inaijua njia. Lakini kutoka chini hadi utosini, hapo mtu mzima na nguvu zake husimama akaangaza huku na huku, akingoja mpita njia. "Mwanangu, hebu nitwike."

Huku kwetu Rungwe neno hilo utalisikia Tukuyu sokoni, Kiwira, Ushirika, popote penye ndizi na viazi. Na anayeambiwa haulizi wewe ni nani wala ukoo wako upi. Anashika upande wake, mwenye mzigo anashika wake, haya, juu! Kisha "ndaga fijo", na kila mtu anashika njia yake.

Nimeanza na mkungu, lakini ninalotaka kusema linahusu simu.

Hizi picha ndogo tunazotumiana, emoji, nazo zina wenyewe. Mwaka 1999 Mjapani Shigetaka Kurita alichora 176 kwa ajili ya simu za kampuni ya NTT DoCoMo. Leo zimepita 3,700, na zinaidhinishwa na Unicode Consortium, chombo chenye makao California, Marekani. Mtu yeyote anaweza kukipelekea pendekezo. Mwaka 2016 msichana wa Kisaudi wa miaka 15 aliyekuwa akiishi Berlin, Rayouf Alhumedhi, alipendekeza picha ya mwanamke aliyevaa hijabu. Mwaka 2017 ikatoka. Humo yumo mtu anayenyanyua vyuma, yumo anayekandwa kichwa, yumo anayekatwa nywele, yumo hata anayeoga. Wanaotwikana hawamo.

Utaniuliza, sasa hilo nalo ni la kuandikia insha? Subiri kwanza.

Rafiki yangu mmoja alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Kila tukimjulia hali, anajibu kwa kile kikatuni kinachocheka mpaka machozi. Miezi minane! Nasi tukawa tunacheka naye, tukijua mambo yake safi. Kumbe jamaa kibarua kiliota nyasi mwezi wa pili tu, analala kwenye kibanda cha chipsi, anakula mlo mmoja. Aliporudi, amekonda, nilimgombeza: kwa nini hukusema? Akanitazama, akasema, "Ningesemaje? Nikisema sina, nimeomba. Nikiomba, mimi nimekuwa mzigo."

Jibu lile liliniondolea usingizi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi wa kwake niliuona mwepesi kuliko usufi, maana ulikuja umefungwa kwa kicheko. Lakini naye alikosea mahali. Alidhani kuna hali mbili tu, kujibeba au kubebwa. Hali ya tatu alikua akiiona kila siku sokoni akaisahau. Mama anayesema "nitwike" haombi abebewe. Mkungu ni wake, shingo ni yake, safari ni yake. Anachotaka ni mikono miwili kwa dakika moja, na baada ya hapo hadaiwi. Wala hatahayari, kwa kuwa hata mwenye nguvu kuliko wote sokoni, mzigo ukizidi, lazima atwikwe.

Wanyakyusa wana neno ukwangala, yaani raha ya kukaa pamoja na wenzako. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huku pamoja na mumewe Godfrey miaka ya 1930, alilipa uzito mkubwa katika kitabu chake *Good Company* cha mwaka 1951. Sisi na yule rafiki tulikuwa na ukwangala kwenye simu, tena wa kila siku. Nionavyo mimi, ukwangala usio na kutwikana ni porojo.

Wapo watakaosema, "Yaani wewe unataka dunia ituone tumebeba mizigo kichwani tu?" Nawaelewa. Najua pia kwamba wanaobeba zaidi ni mama zetu, na ningefurahi siku mizigo yao yote ikipanda bodaboda. Ila yule anayenyanyua vyuma, anavipandisha na kuvishusha palepale, mbona hakuna anayemwona mshamba? Mkungu unakwenda mahali, unalisha watu. Na wanaotwikana vichwani si sisi peke yetu. Nenda India utawaona. Mimi nataka wachorwe watu wawili, na ukipenda, anayetwika awe mwanaume.

Mwingine atasema, picha ikipatikana, utaituma badala ya kwenda. Hapo, msomaji, naungama. Mwaka jana mvua ya kwetu, mnaijua, ilinibana kwenye baraza ya duka. Nikawa namtumia mfiwa mmoja ile mikono iliyokutanishwa, moja, mbili, tatu. Mama mmoja alisimama mbele yangu na kiroba cha viazi mpaka watoto wawili wa shule wakaja wakamtwika. Sikumwona. Mwenye duka ndiye aliyeniambia baadaye, tena kwa upole, na ndiyo iliyoniuma zaidi.

Kwa hiyo sidai kwamba picha itatufanya wema. Nadai kitu kidogo zaidi. Picha tulizonazo nyingi zinasema ninavyojisikia: nacheka, nalia, nakupenda, pole. Ile mikono ya pole inafunga mazungumzo. "Nitwike" ingeyafungua, kwa sababu anayeipokea hana budi kuuliza: uko wapi? Nishike upande gani? Nayo ingemkumbusha anayeituma kwamba hakuomba sadaka. Kijana anayesema kwa kidole gumba, mahali kidole kisipo na neno, aibu ndiyo inayosema, nayo kila mara inasema "niko poa".

Mchoro nimekwisha kuuanza: watu wawili wameinama kidogo, mkungu uko hewani, haujafika kichwani kwa yeyote. Msimu wa kupokea mapendekezo ukifika nitaupeleka. Wakiukataa, sawa, nitaurudia.

Yule rafiki yangu yuko hapa Tukuyu, anauza maparachichi. Juzi alinipigia, hakutuma kikatuni. Alisema neno moja tu, "Nitwike." Nikamwuliza yuko wapi.