Maji Yanapogeuka Kijani: Ni Kadari Tu, au Ni Mikono Yetu?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeyafanya maji kuwa asili ya uhai. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, yako masuala ambayo watu huyakata kwa neno moja, "Ni amri ya Mungu," kisha wakaenda zao. Moja katika hayo ni hili: maziwa ya bara yanapogeuka kijani, samaki wakaelea wamekufa na maji yakanuka, je, hilo ni jambo la kuvumiliwa tu, au liko ambalo mja ataulizwa? Twataka kulieleza kwa kadiri ya nafasi yetu, kwani wengi wetu twala samaki wa Ziwa Victoria, na wengi wana jamaa zao Kisumu.

Kwanza yatupasa tujue ni kitu gani. Si yale magugu maji yenye maua ya zambarau. Huo ni mmea mwengine. Hiki ni kiumbe kidogo mno, kisichoonekana kwa jicho kikiwa peke yake, na wataalamu hukiita sayanobakteria. Kimo majini tangu zama za kale, na kikiwa kichache hakina dhara. Lakini maji yakipata joto, yakatulia, yakajaa chakula chake, huzaana kwa kasi hata uso wa ziwa ukafunikwa na utando kama rangi iliyomwagwa. Kikifa kikaoza, hewa iliyomo majini huisha, na samaki wakakosa pumzi. Tena baadhi ya aina zake hutoa sumu inayodhuru ini, na nyengine hudhuru mishipa ya fahamu.

Dhara hili si la kudhania. Mwaka 1878 George Francis aliandika habari za Ziwa Alexandrina katika Australia, ambako mifugo ilikunywa maji yenye utando huo ikafa. Mwaka 1996, katika mji wa Caruaru nchini Brazil, wagonjwa wa figo waliokuwa wakisafishwa damu kwa maji yenye sumu hiyo walidhurika, na zaidi ya 50 kati yao wakafa. Na mwezi wa Agosti mwaka 2014 mji wa Toledo, kando ya Ziwa Erie nchini Marekani, uliwakataza watu zaidi ya 400,000 wasinywe maji ya mfereji kwa muda wa siku mbili tatu. Waliambiwa hata wasiyachemshe. Na hapa msomaji atie akilini: moto huviua viumbe vyenyewe, lakini hauiondoi sumu yao, na maji yanapopungua kwa kuchemka, sumu huzidi ukali. Basi mama anayeyachemsha maji ya kijani akampa mwanawe, akidhani ameyatakasa, hakumlinda.

Sasa tuje kwenye sababu. Katika miaka ya 1960 wataalamu walikhitilafiana. Walioona kuwa chakula cha kiumbe hiki ni fosforasi, iliyomo katika kinyesi, katika mbolea na katika sabuni nyingi za unga za wakati ule, walipingwa na wengine, wakiwamo watengenezaji wa sabuni waliosema kuwa kosa ni la kaboni. Mabishano hayakuwafikisha popote. Ndipo David Schindler na wenzake, huko Ontario nchini Canada, walipochukua ziwa dogo lenye umbo la tarakimu ya 8, na mwaka 1973 wakalikata shingoni kwa pazia la plastiki. Upande mmoja wakautia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili wakautia hizo hizo, wakaongeza fosforasi. Upande wa kwanza ulibaki na maji yake. Wa pili ukageuka kijani. Picha iliyopigwa kutoka angani iliwatosha watu kuona kwa macho yao.

Ndugu zetu, tazameni namna haki ilivyobainika. Hawakufuata mwenye sauti kubwa, wala mwenye mali, wala desturi ya wazee. Walitaka ushahidi, na ushahidi ulipokuja, hoja za upande wa pili zilipoteza nguvu. Maulamaa wetu, akiwamo Imamu Ghazali, wameihesabu ilimu ya tiba kuwa ni fardhi kifaya, yaani wasipokuwako wa kuisimamia katika umma, wote hupata dhambi. Basi ilimu ya kuyalinda maji wanayokunywa watu, nayo ina hukumu gani?

Na anayesema kuwa kutafuta sababu ni kuipinga kadari, amekosea. Mwenyezi Mungu ndiye aliyezijaalia sababu, na katika Sura ya Rum ametujulisha kuwa uharibifu wa bara na bahari umetokana na yale waliyoyachuma watu kwa mikono yao, ili waonje malipo yake wapate kurejea. Na Mtume wetu (s.a.w.) alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama, miaka mia nyingi kabla ya fosforasi kujulikana. Aliyekatazwa jambo akalitenda, kisha akaitaja kadari, ametafuta kisingizio.

Tena kurejea kunawezekana. Ziwa Washington, kando ya mji wa Seattle, lilikuwa likipokea majitaka ya miji iliyolizunguka. Mwaka 1955 walionekana humo viumbe hao wabaya, na mwanachuoni W. T. Edmondson akawaeleza watu litakalofuata. Wenyeji wakapiga kura mwaka 1958, wakakubali kutozwa gharama, na kuanzia 1963 hata 1968 majitaka yote yakaondolewa ziwani. Mwaka 1964 kitu kilichozamishwa kilipotea machoni hata kabla ya kufika kina cha mita 1. Kufikia 1968 kilionekana hata karibu mita 3. Ziwa likapona.

Walakini Ziwa Erie latuonya tusijisahau. Marekani na Canada zilifanya mapatano mwaka 1972, fosforasi ikapunguzwa, maji yakatakata. Kisha mbolea za mashambani zikazidi kuteremka na mvua, na utando ukarudi hata yakatokea ya Toledo. Na tope la chini ya ziwa huhifadhi fosforasi iliyotupwa zamani, likaitoa kidogo kidogo kwa miaka. Hivyo ndivyo yalivyo madeni: aliyetubu leo bado ana la jana la kulipa.

Kwetu Kenya, Ghuba ya Winam huko Kisumu ina kina kifupi, na mlango wake wa kutokea katika ziwa kubwa ni mwembamba. Mto Nyando huiletea udongo na mbolea, na miji huiletea majitaka, na utando huo wenye sumu umeonekana humo. Wala watu wa pwani tusiseme, "Hayo ni ya bara." Hori zetu za Mombasa nazo humiminiwa majitaka, na bahari haisahau kinachotiwa ndani yake.

Basi yatupasa mambo haya. Asiyaoge wala kuyanywa mtu maji yenye utando wa kijani, wala asimnyweshe mnyama wake, wala asitegemee kuyachemsha. Mkulima asitie mbolea kupita haja ya shamba lake, na aache ukanda wa majani kando ya mto. Mafunjo ya kandokando ya ziwa yasifyekwe, kwani huzuia uchafu. Wenye madaraka wadaiwe, kwa adabu na bila kuchoka, wayasafishe majitaka kabla hayajamwagwa. Na vijana wetu wenye akili ya sayansi wasivunjwe moyo wakiambiwa kuwa hiyo si ilimu ya dini.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki tuifuate, na atujaalie tuwe wenye kutengeneza, wala si wenye kuharibu. Amin.