Nani Asemaye? Amri za Kuonyesha Maandishi katika Minecraft na Dhima ya Mwenye Kauli

Utangulizi

Swali la nani asemaye katika matini ni la kale. Plato, katika Phaedrus, anampa Socrates hoja kwamba neno lililoandikwa likidhulumiwa haliwezi kujitetea. Humhitaji baba yake aje kulinusuru, na baba huyo aghalabu hayupo. Wahakiki wa karne ya 20 walilirejelea suala hilo kwa njia mbalimbali. Mwaka 1961, Wayne Booth alimtenga msimulizi na mwandishi dhahania ambaye msomaji humjenga akilini. Roland Barthes, mwaka 1967, alitangaza kifo cha mwandishi. Michel Foucault naye, mwaka 1969, aliuliza mwandishi ni nini hasa. Mjadala huo ulihusu zaidi matini zilizoandikwa na kuchapishwa. Makala haya yanalihamishia swali lao mahali ambapo maandishi hayana jalada wala mchapishaji, yaani katika mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft, na hususan katika amri zinazotumiwa kuonyesha maandishi ndani yake. Suala linalochunguzwa ni la kimaadili: je, mtu mwenye uwezo wa kuyafanya maneno yajitokeze mbele ya wengine bila msemaji anawiwa nini na wale wanaoyasoma?

Amri na kazi zake

Minecraft ilitolewa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 2009, ikiwa kazi ya Markus Persson wa Uswidi. Toleo lake kamili likatoka Novemba 2011. Mchezo huu haumpi mchezaji lengo moja la kufuata. Humkabidhi ulimwengu wa michemraba auchimbe na kuujenga apendavyo, na akitaka awakaribishe wenzake kupitia seva. Wachezaji walio katika ulimwengu mmoja huzungumza kwa kuandika. Kila anachoandika mchezaji hutokea katika dirisha la mazungumzo kikitanguliwa na jina lake ndani ya mabano ya pembe. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mazungumzo hayo ni kwamba neno na mwenyewe huja pamoja.

Msimamizi wa ulimwengu, hata hivyo, ana amri ambazo mchezaji wa kawaida hana. Amri ya /say hutangaza ujumbe kwa wote, na hulitaja jina la aliyeutoa ndani ya mabano ya mraba. Amri ya /title, iliyoingizwa mwaka 2014, huandika maneno makubwa katikati ya skrini. Yasipowekewa muda mwingine, maneno hayo huchukua nusu sekunde kujitokeza, hukaa sekunde tatu na nusu, kisha hufifia kwa sekunde moja. Tangu mwaka 2023 pana pia maandishi yanayoweza kuwekwa yakaelea hewani bila kibao wala ukuta. Lakini amri inayozua utata mkubwa zaidi ni /tellraw, ya mwaka 2013. Hii huchapisha maneno yoyote, kwa rangi yoyote, katika dirisha lile lile la mazungumzo, pasipo kumtaja aliyeyatoa. Aidha, humwezesha mtoaji kuchagua wasomaji: wote, aliye karibu zaidi, au mmoja tu miongoni mwao.

Tofauti kati ya /say na /tellraw yaweza kuonekana kuwa ya kiufundi tu. Kwa jicho la mhakiki, ni tofauti kati ya kauli yenye nafsineni inayojitaja na kauli ambayo nafsi yake imefichwa kwa makusudi.

Sauti za kubuni

Ifahamike mapema kwamba kuficha nafsi ya mtunzi si kosa. Fasihi yote ya kubuni husimama juu ya ficho hilo. Chukulia mjenzi aliyejenga kijiji na kumweka ndani yake mzee wa kubuni. Mchezaji akikanyaga jiwe fulani, bloku ya amri huchapisha maneno ya mzee huyo, yakitanguliwa na jina lake ndani ya mabano ya pembe. Hapa hakuna aliyedanganywa. Mjenzi amefanya kazi ya mtunzi wa tamthilia: amempa mhusika kauli, naye mwenyewe akakaa nyuma ya pazia.

Mfano mwingine ni matini inayojitokeza mwishoni mwa mchezo wenyewe, baada ya mchezaji kumshinda joka. Matini hiyo iliandikwa na Julian Gough, mwandishi kutoka Ayalandi, ambaye mwaka 2022 aliitangaza kuwa mali ya umma. Ndani yake sauti mbili zisizo na majina, zinazotofautishwa kwa rangi, zinamjadili mchezaji, na programu hulipachika jina la mchezaji huyo katika mazungumzo yao. Msomaji hajui sauti hizo ni za nani, na kutojua huko ni sehemu ya maana ya matini. Anajua, hata hivyo, kwamba amesimuliwa.

Pengine itadhaniwa kwamba sauti ya kubuni huwa halali kwa sababu ina jina la kubuni. Rai hiyo haitoshi. Kinjeketile Ngwale alikuwa mtu wa kweli, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905, na Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, alimpa maneno ambayo hapana ushahidi kwamba aliyatamka. Hata hivyo, hakuna awezaye kumshtaki Hussein kwa uwongo. Mtazamaji aketiye mbele ya jukwaa anajua kwamba lile ni jukwaa. Basi kinachohalalisha kauli ya kubuni ni mapatano kati ya mtoaji na mpokeaji, mapatano ambayo pande zote mbili zinayafahamu. Jina lenyewe haliamui.

Sauti ya kughushi

Tuzingatie sasa hali nyingine. Marafiki wawili wanacheza katika seva moja. Msimamizi anatumia /tellraw kuchapisha jina la rafiki wa kwanza ndani ya mabano ya pembe, kisha matusi, na anachagua yaonekane kwa rafiki wa pili peke yake. Huyu wa pili anayasoma mahali pale pale anaposoma maneno ya kweli ya mwenzake siku zote. Anajibu kwa hasira. Wa kwanza hajaona kitu. Anashangaa kutukanwa bila sababu. Kila mmoja ana ushahidi wa macho yake, na ushahidi wote wawili ni wa uwongo.

Madhara ya kitendo hicho ni matatu. Kwanza, aliyetajwa ameibiwa jina: amefanywa msemaji wa neno asilolisema, na hajui kwamba ana la kukanusha. Pili, aliyesoma amenyimwa haki ya kupima, kwa kuwa alama ambayo angepimia ndiyo iliyoghushiwa. Tatu, na hili ndilo lenye kudumu, mazungumzo yenyewe yameharibiwa. Ghushi ikishajulikana, kila neno la kweli litakalokuja baadaye litatiliwa shaka. Mwongo wa kawaida huudhuru ukweli wa jambo moja. Aghushiye msemaji huudhuru uwezekano wa kuaminiana.

Uwezo huu haukomei katika dirisha la mazungumzo. Mchezaji akiandika kitabu ndani ya Minecraft na kukitia saini, kitabu hicho hakibadiliki tena na hubeba jina lake. Lakini mwenye amri aweza kukiumba kitabu kizima na kukipachika jina la mwandishi yeyote. Aidha, maandishi ya /tellraw yaweza kufanywa ya kubonyezwa. Na hadi mwaka 2022 iliwezekana kuyatengeneza kwa namna ambayo msomaji akiyabonyeza, maneno yaliyotungwa na mwingine yalitoka hadharani kwa jina lake. Msomaji alifanywa msemaji kwa kidole chake mwenyewe.

Hoja pinzani

Hoja ya kwanza itakayotolewa ni kwamba huu ni utani, na mchezo ni mchezo. Jamii za Afrika Mashariki zaufahamu utani vizuri mno kuweza kuikubali hoja hii. Utani una watani. Kila mmoja anamjua mwenzake, anajua uhusiano unaompa ruhusa, na anajua kwamba zamu yake ya kujibu itafika. Utani ambao mtani mmoja hajui kwamba ataniwa, na hajui anayemtania ni nani, umekwisha kutoka katika utani.

Hoja ya pili ni ya kinadharia. Ikiwa mwandishi amekufa, kama alivyodai Barthes, kwa nini kumtafuta msemaji wa matini? Jibu ni kwamba Barthes alimpokonya mwandishi mamlaka ya kuamua maana. Hilo halimwondolei mtu dhima ya kitendo cha kusema. Foucault alilikaribia suala hili zaidi alipoeleza kwamba matini zilianza kuwa na waandishi hasa pale waandishi walipoweza kuadhibiwa kwazo. Jina la mwandishi, kwa mtazamo huo, ni anwani ya kupelekea swali.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi. Kauli isiyo na msemaji ina historia yake ya heshima, na mfano ulio karibu ni kanga. Maneno ya kanga hayana mtunzi anayejulikana. Mwanamke anayeivaa aweza kumfikishia jirani ujumbe mkali, kisha akiulizwa akajibu kwamba alinunua nguo tu. Je, kanga nayo ihukumiwe? La. Tofauti ziko mbili. Mvaaji yupo mbele ya macho; hakulivika neno lake jina la mtu mwingine. La pili, na ndilo kubwa, ficho la kanga limekuwa mara nyingi kimbilio la asiye na jukwaa. Ficho la /tellraw ni la mwenye mamlaka, kwa sababu amri hiyo haiko mikononi mwa mchezaji wa kawaida. Mnyonge hujificha ili aweze kusema. Mwenye nguvu akijificha, hujificha ili asiulizwe.

Uzito wa jina unadhihirika vyema katika maktaba iliyofunguliwa ndani ya Minecraft mwezi Machi 2020 na shirika la Wanahabari Wasio na Mipaka. Maktaba hiyo iliweka katika vitabu vya mchezo makala yaliyozuiwa katika nchi kadhaa, yakiwemo ya Jamal Khashoggi aliyeuawa mwaka 2018. Zana za kuonyesha maandishi zilitumiwa hapo kurejesha neno pamoja na jina la aliyelisema, jina ambalo mwenyewe alililipia kwa uhai wake. Chombo ni kile kile. Kinachotofautiana ni anachokifanyia mwenye nacho.

Hitimisho

Watengenezaji wa mchezo wamelitambua tatizo kwa kiasi fulani. Tangu mwaka 2022, ujumbe wa mchezaji waweza kutiwa saini ya kimahesabu, na maandishi yanayotoka kwa mfumo huwekewa mstari mwembamba wa kijivu pembeni. Hatua hiyo yafaa, lakini mstari wa kijivu humwambia msomaji kwamba asemaye si mchezaji. Haumwambii ni nani. Tena humfaa tu yule anayejua maana yake.

Lililobaki ni la mwenye amri. Anaposema kwa niaba yake mwenyewe, ana /say, ajitaje. Anapobuni, awape wahusika wake majina na mazingira yatakayomjulisha msomaji kwamba amesimuliwa. Majina ya walio hai na waliomo katika mazungumzo yale yale awaachie wenyewe. Uhakiki nao una la kujifunza hapa. Istilahi zake zimezoea kumtenga mwandishi, msimulizi na mhusika. Haitoshi tena kuishia hapo. Yuko pia mwonyeshaji, yule aamuaye neno litokee wapi, kwa muda gani na mbele ya nani, na uchambuzi wa matini za aina hii hautakamilika bila kuuliza kama yuko tayari kujibu akiitwa.