Kifaa cha Mara Moja, Mgonjwa wa Pili



Liko swali ambalo ndugu zetu wanaosomea udaktari na uuguzi watakutana nalo mapema kazini. Kifaa cha upasuaji kilichoandikwa kwenye pakiti yake kwamba kitumike mara moja tu, je, ni halali kukiosha na kukitumia kwa mgonjwa mwingine? Nazungumzia hasa stepla ya upasuaji, ile inayokata utumbo na kuufunga kwa mkupuo mmoja. Stepla ya ofisini inajulikana na kila mtu. Hii ni jamaa yake, ila ikikosea haiharibu karatasi.

Tumchukue mzee mkulima wa Logiri, kusini mwa Arua. Tumbo limevimba siku ya pili sasa, hapati choo, hatoi hata hewa. Utumbo wake mpana umejisokota kama nguo inayokamuliwa, maradhi ambayo madaktari wa Afrika Mashariki wanayafahamu vizuri. Sehemu iliyosokotwa ikikosa damu hufa, na iliyokufa lazima ikatwe. Atabebwa kwa bodaboda mpaka hospitali ya rufaa mjini. Ada katika hospitali za serikali za Uganda zilifutwa mwaka 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia. Lakini kufutwa kwa ada hakuleti vifaa ghalani, na stepla moja pamoja na katriji zake hugharimu mamia ya dola. Mzee ana mihogo, mbuzi na watoto.

Kifaa chenyewe kina historia inayotugusa. Al-Zahrawi, tabibu Mwislamu wa Cordoba aliyefariki karibu mwaka 1013, alieleza katika kitabu chake namna ya kufunga jeraha la utumbo kwa sisimizi wenye vichwa vikubwa: anaachwa aume kingo mbili za jeraha, kisha kiwiliwili kinakatwa na kichwa kinabaki kimeng'ang'ania. Kwa hakika hicho kilikuwa kifaa cha mara moja, na sijasikia kwamba kuna aliyejaribu kukiosha. Mwaka 1908 Hümér Hültl wa Budapest akatumia stepla ya chuma yenye uzito wa kilo tatu na zaidi. Warusi wakaziendeleza Moscow, na mwaka 1958 mpasuaji Mmarekani Mark Ravitch akaziona Kiev na kurudi na moja kwao. Stepla hizo za Kisovyeti zilikuwa za chuma, zikioshwa na kujazwa pini upya kila baada ya kazi. Za kutupwa zima zima zilikuja baadaye, zilipoingia kwenye biashara ya Marekani. Kwa hiyo maneno "mara moja tu" hayakuteremka kutoka mbinguni. Kwa sehemu ni tahadhari ya kitabibu, na kwa sehemu ni hesabu ya muuzaji.

Lakini tusikimbilie kuyafuta. Stepla ya upasuaji wa matundu madogo ina shingo ndefu nyembamba inayopita katika tundu la takriban milimita 12. Mwishoni ina taya mbili. Taya zikibana utumbo, daktari anavuta kishikio: safu mbili au tatu za pini za titani zinaingia kila upande na kujikunja mfano wa herufi B, na kisu kinapita katikati yake. Kisu na pini vinakwenda pamoja. Pini zisipojikunja sawasawa, kisu hakitangoja. Utumbo utakuwa umekwisha kukatwa bila kufungwa. Ndani ya ile shingo mna nyaya na vijino ambavyo brashi haivifikii, na damu ya mgonjwa wa kwanza inaweza kuganda humo. Mvuke wa moto unaofaa kwa mkasi wa chuma huiharibu plastiki. Mara nyingi anayeachiwa kazi ya kukiosha ni mfanyakazi wa chini kabisa, asiyepewa mafunzo ya kazi hiyo, na likitokea baya, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa.

Hata palipo na vifaa vipya tele, hatari ipo. Mwaka 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitangaza kwamba kati ya mwaka 2011 na Machi 2018 ilipokea ripoti zaidi ya 41,000 kuhusu stepla na pini zake, zikiwemo 366 za vifo. Ripoti si hukumu kwamba kifaa ndicho kilichoua. Kilichonishtua ni kwamba, mbali na hizo, ripoti nyingine nyingi watengenezaji waliruhusiwa kuzipeleka kwa njia ambayo madaktari na wagonjwa hawakuweza kuziona. Mtume (SAW) alipopita sokoni alitia mkono ndani ya rundo la nafaka, akakuta chini mna unyevu ambao juu haukuonekana. Hakumlaumu muuzaji kwa mvua iliyonyesha. Alimlaumu kwa kuuficha unyevu.

Hapo ndipo ninapoliona jibu la swali letu. Fiqhi inatufundisha kwamba dharura hufungua mlango uliofungwa, na inatufundisha pia kwamba mlango huo haufunguliwi zaidi ya kiasi cha dharura. Kurudia kukitumia kifaa si haramu kwa dhati yake. Marekani yenyewe inaruhusu vifaa vya mara moja kutakaswa na kutumika tena, lakini tangu mwaka 2000 anayekitakasa hubeba wajibu uleule wa mtengenezaji: athibitishe kwamba ni safi na kwamba kinafanya kazi. Anayefuta maandishi ya pakiti anaichukua dhamana iliyokuwa ya kiwanda. Hospitali isiyoweza kuibeba dhamana hiyo haina dharura ya kujificha nyuma yake, kwa sababu njia nyingine ipo: sindano na uzi. Katika kuunganisha utumbo mpana, tafiti zilizolinganisha stepla na mkono hazikupata ubora ulio wazi wa stepla. Inaokoa dakika, naam. Lakini mkono uliofundishwa vizuri unatosha, na mzee wa Logiri hadhulumiwi kwa kushonwa.

Nimejibiwa na wenzangu: ukimwambia mgonjwa kwamba kifaa kimetumika, ataogopa, ataondoka, atafia nyumbani. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Ila naona inatuhusu sisi zaidi kuliko yeye. Mtu aliyenunua baiskeli kuukuu, shati la mtumba na redio iliyofunguliwa mara tatu anaelewa vizuri sana maana ya kitu kilichotumika. Maswali yake yatakuwa ya maana kuliko tunavyodhani. Kimeoshwa na nani? Kimejaribiwa? Usipokitumia, utafanyaje? Aelezwe kwa Kilugbara, si kwa fomu ya Kiingereza anayowekewa kidole gumba. Akiwa mahututi, aelezwe mwanawe.

Linabaki jambo moja ambalo sioni likijadiliwa. Tuseme familia yenye uwezo inamnunulia mgonjwa wao stepla mpya kwa matibabu ya wodi ya kulipia. Baada ya upasuaji kifaa kinaoshwa, kinawekwa kabatini, na wiki ijayo kinamfikia mzee wa wodi ya kawaida. Ni mali ya nani? Walioinunua hawakuulizwa. Na ikiwa kanuni ni kwamba mwenye fedha hupata kipya na asiye nazo hupata masalia, basi tumeondoka kwenye dharura tukaingia kwenye tabaka. Ningependa kipimo kiwe kimoja: kikipita majaribio, kinafaa kwa wodi zote mbili, kisipopita, hakifai kwa yeyote. Familia ya kwanza iulizwe. Ikikitoa sadaka, iandikwe hivyo, na katika faili la mgonjwa wa pili iandikwe kimetumika mara ngapi na nani amekikagua. Na mgonjwa huyo asitozwe bei ya kifaa hata shilingi moja. Kama kuna cha kulipa, alipe gharama ya kukitakasa, na risiti iseme hivyo hivyo.